Filimbi ya Fouta Djallon na piano ya Heidelberg

Mto Gambia na Mto Senegal huanzia katika milima ya Fouta Djallon, katikati ya Guinea, na Niger nao hupokea maji kutoka huko. Wafulani waliingia katika nyanda hizo wakiwa na ng'ombe wao, na katika karne ya 18 wanazuoni wao wakasimamisha dola ya Kiislamu iliyokuwa na makao yake Timbo. Dola hiyo ilidumu hadi mwaka 1896, Wafaransa walipoishinda vitani Porédaka. Historia iliyoandikwa imewakumbuka zaidi maimamu na majemadari. Mimi nawafuata watu waliokuwa pembeni ya heshima hiyo: nyamakala, wapiga muziki waliozunguka kijiji hadi kijiji na kibuyu cha kupigwa kwa mikono, zeze la uzi mmoja, na filimbi iitwayo tambin.

Filimbi hiyo hutengenezwa kwa mmea wa kutambaa unaobeba jina hilohilo. Ina matundu matatu tu ya vidole. Mdomoni hutiwa nta ya nyuki, ikafinyangwa kama mbawa mbili zinazoelekeza pumzi, na mpigaji huishika kwa mshazari. Anayeitazama kwa mara ya kwanza anaweza kudhani ni chombo cha kuchezea watoto. Lakini mpigaji akiongeza nguvu ya pumzi, tundu lilelile hutoa sauti ya juu zaidi, kisha ya juu tena, hata matundu matatu yakatosha kuimba wimbo mzima. Zaidi ya hapo, fundi huimba humohumo ndani ya filimbi: huguna, hupaza sauti, hutamka maneno, hivi kwamba pumzi moja hubeba noti na kauli kwa pamoja. Huwezi kusema kwa hakika ni wapi mtu ameishia na chombo kimeanzia.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1964 Rahsaan Roland Kirk, mwanajazi kipofu wa Marekani, alirekodi albamu nzima ya filimbi, I Talk with the Spirits, akiguna na kuimba ndani ya chombo chake cha chuma. Hakuna haja ya kudai kwamba alijifunza kwa Wafulani. Inatosha kuona kwamba wanajazi walikuwa wakitafuta namna ya kuipa filimbi koo la binadamu, na kwamba milimani Guinea koo hilo lilikuwepo tayari.

Aliyeamua kuifuata filimbi ya Wafulani hadi kwao alikuwa mwenzake Kirk, Yusef Lateef. Alikuwa Mwislamu, msomi, na mpigaji wa vyombo visivyohesabika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alihamia Zaria, kaskazini mwa Nigeria, mji uliokuwa chini ya maemiri wa Kifulani tangu jihadi ya Usman dan Fodio, akawa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello. Huko aliichunguza sarewa, filimbi ya Wafulani wa upande huo. Alikuwa amepita miaka 60 na jina lake lilikuwa kubwa, lakini alikubali kukaa miaka kadhaa kama mwanafunzi. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa rekodi yoyote.

Huku Guinea kwenyewe filimbi ilikuwa imepanda jukwaani. Fodéba Keïta aliunda Les Ballets Africains mjini Paris mwanzoni mwa miaka ya 1950, na baada ya uhuru wa mwaka 1958 kundi hilo likawa la taifa. Lilizunguka dunia, na filimbi ya Kifulani ikasikika katika kumbi za Ulaya na Marekani. Serikali ya Rais Sékou Touré iligharimia pia bendi za mikoa. Labé, mji mkubwa wa Fouta Djallon, ulikuwa na Kolima Jazz, jina ambalo msikilizaji wa bendi za Tanzania kama NUTA Jazz au Tabora Jazz asingelishangaa.

Lakini mkono uleule uliolisha muziki ulikamata watu. Fodéba Keïta aliuawa katika gereza la Camp Boiro mwaka 1969. Mwaka 1976 Sékou Touré aliwatuhumu Wafulani hadharani kuwa wasaliti. Diallo Telli, Mfulani aliyekuwa Katibu Mkuu wa kwanza wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, alikufa katika gereza hilohilo mwaka 1977 kwa kunyimwa chakula na maji. Mamia ya maelfu ya Waguinea waliikimbia nchi katika miaka hiyo ya utawala wake. Anayesifu kuenea kwa muziki wa Guinea duniani akumbuke pia sababu nyingine zilizowatawanya watu wake.

Mmoja wa Wafulani wa Guinea waliofika New York ni Bailo Bah, mpiga tambin. Huko alikutana na Sylvain Leroux wa Montreal, aliyesomea filimbi ya Kizungu kabla ya kuipenda ya Kifulani. Wawili hao walianzisha kundi, na mwaka 2002 wakatoa albamu waliyoiita Fula Flute, filimbi mbili zikiongozana juu ya kora na balafoni. Albamu ya pili, Mansa America, ilifuata mwaka 2008. Katika kazi hizo Leroux ndiye aliyekuja nyumbani kwa wenzake: nyimbo ni za Afrika Magharibi, na mgeni anafuata njia ya wenyeji.

Mwaka 2012 aligeuza safari, na hapo ndipo jazi ya Ulaya inapoingia. Aliunda Quatuor Créole, watu wanne: yeye mwenyewe, Matt Pavolka kwenye besi, Sergo Décius mwenye ngoma za Haiti, na Karl Berger kwenye piano na vibrafoni. Berger alizaliwa Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1935. Ujanani alipiga muziki katika klabu ya Cave 54 mjini humo, ambako wanajeshi wa Kimarekani wenye vipaji walikuja kucheza usiku. Mwaka 1965 alijiunga na mwanajazi Don Cherry mjini Paris, kisha akamfuata New York. Pamoja na mkewe, Ingrid Sertso, na mwanajazi Ornette Coleman, alianzisha Creative Music Studio, shule ya muziki iliyopata makao Woodstock, na Leroux aliipitia.

Kule Berger alifundisha midundo kwa silabi: ga-ma-la kwa tatu, ta-ki kwa mbili. Kila mdundo, hata uwe mgumu namna gani, hujengwa kwa tatu na mbili. Mtu aliyelelewa hivyo hapotei akisikia kibuyu cha nyamakala.

Ugumu ulikuwa kwenye sauti. Tambin moja ina ngazi yake moja ya noti, na mpigaji akitaka nyingine hubadilisha filimbi. Jazi huhama ngazi katikati ya wimbo, na piano wala vibrafoni haziwezi kupindisha noti kumfuata mwenzake. Chombo kimoja kililazimika kubadilika, nacho kilikuwa filimbi. Leroux alibuni tambin inayotoa noti zote 12. Moyo wangu ulisita nilipolijua hilo, kwa sababu mara nyingi katika mikutano ya namna hii chombo cha Kiafrika ndicho huambiwa kijirekebishe. Ila mbawa za nta zilibaki, mshazari ulibaki, na koo la mpigaji likabaki humohumo ndani ya noti. Filimbi ilijifunza kuhama bila kuacha kuguna.

Leroux hakuiacha filimbi hiyo New York. Aliipeleka Conakry, akafungua mafunzo katika kituo cha Tyabala kinacholea watoto wa familia maskini, na watoto hao wakaipiga hadi wakarekodi albamu yao. Jambo hili naliona kubwa kuliko mkutano wa wanajazi wanne. Ubunifu uliozaliwa kwa mahitaji ya piano umewekwa mikononi mwa vijana wa Guinea, nao ndio watakaoamua ni nyimbo gani za milimani zihamishwe ngazi na zipi zibaki zilivyo.