Teknolojia Ibukizi Katika Sheria ya Ugaidi

Oktoba 2016, kaskazini mwa Iraki, droni ndogo ya kundi la Islamic State iliangukia mikononi mwa wapiganaji wa Kikurdi. Walipokuwa wakiichunguza ililipuka, ikawaua wawili.

Katika nyaraka za Umoja wa Mataifa, vifaa na mbinu za namna hiyo huingizwa katika fungu ambalo kwa Kiswahili linaitwa teknolojia ibukizi. Wapo waandishi wanaosema "teknolojia mpya", lakini upya hautoshi. Droni zimekuwapo majeshini kwa miongo mingi. Kilichojitokeza juzi ni bei kushuka hadi raia yeyote akaweza kuinunua. "Chipukizi" nalo ni neno la matumaini, la miche na vijana. Ibukizi hutokana na kuibuka, kujitokeza kwa kitu kilichokuwa hakionekani, na humwachia msomaji hisia kwamba jambo lenyewe bado halijatulia.

Oktoba 2022 Kamati ya Kupambana na Ugaidi ya Baraza la Usalama ilikutana India, siku ya kwanza Mumbai, ya pili New Delhi. Mumbai haikuchaguliwa bure. Novemba 2008 washambuliaji waliwaua watu 166 mjini humo huku wakielekezwa kwa simu za intaneti na wakuu wao waliokuwa ng'ambo wakifuatilia mauaji kwenye televisheni. Mkutano ulitoa Tamko la Delhi, lililotaja maeneo matatu: intaneti na mitandao ya kijamii, njia mpya za malipo, na ndege zisizo na rubani. Tamko hilo haliwi sheria kwa nchi yoyote.

Je, sheria yenye nguvu haipo? Ipo, na hapa ndipo wengi hukosea. Mkataba wa 1999 wa kuzuia ufadhili wa ugaidi, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, ulitafsiri fedha kuwa mali ya kila namna, inayoshikika na isiyoshikika, hata hati za kielektroniki. Sarafu ya kidijitali ya Bitcoin ilizaliwa 2009, miaka kumi baadaye, na tayari ilikuwa ndani ya wavu. Waandishi wa mkataba ule walilenga tendo, hawakujifunga kwa orodha ya vyombo. Huo ndio uandishi wa sheria unaodumu.

Penye maneno, picha na video mambo ni magumu zaidi. Septemba 2013 Al-Shabaab walitangaza shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, kupitia Twitter wakati mateka wakiwa bado ndani. Akaunti moja ikifungwa, nyingine ilifunguliwa. Hakuna mkataba unaoilazimisha kampuni ya mtandao kufuta ujumbe kwa saa fulani. Tena mataifa hayajakubaliana ugaidi wenyewe ni nini, ingawa India ilipendekeza mkataba mpana tangu 1996.

Pengo hilo huwanufaisha pia watawala wasiopenda kukosolewa. Mwaka 2023 mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa, Fionnuala Ní Aoláin, alionya kwamba vita dhidi ya ugaidi vimekuwa kisingizio cha kueneza programu za udukuzi na kamera za kutambua nyuso.

Kwa hiyo muswada wowote wa ugaidi unaotaja teknolojia ibukizi usisomwe kichwa tu. Wabunge, wanasheria na wanahabari waanze na kifungu cha tafsiri, na pasipokuwa na tafsiri waidai kabla ya kura kupigwa.