Nyumba ya Madirisha: Hardwick Hall

Wasikilizaji wetu, nyumba tuitajayo leo ipo juu ya kilima katika jimbo la Derbyshire, nchi ya Uingereza. Aliyeijenga ni mwanamke, Bibi Elizabeth wa Shrewsbury, aliyefiwa na waume wanne na kurithi mali nyingi. Kazi ilianza mwaka 1590, naye akahamia mwaka 1597. Ramani yake yadhaniwa kuwa ya mwashi Robert Smythson.

Siku zile kioo kilikuwa ghali mno. Lakini bibi huyu alikuwa na kiwanda chake cha vioo, basi akaweka madirisha makubwa pande zote. Je, moshi ulipita wapi? Dohani nyingi zilifichwa ndani ya kuta za katikati, ili kuta za nje zibakie kwa madirisha. Nayo madirisha yazidi urefu kadiri mtu apandavyo: chini walikaa watumishi, katikati jamaa, juu kabisa vyumba vya kupokelea wakuu. Juu ya minara sita ziliwekwa herufi za mawe, E na S, za jina lake mwenyewe. Bibi huyu hakupenda kufichika.

Katika mwanga huo wote mjukuu wake, Arbella Stuart, aliyeweza kudai kiti cha ufalme, alichungwa kama mfungwa. Mwaka 1603 alijaribu kutoroka, akazuiwa. Mwaka huohuo akaondoka Hardwick, lakini alifia kifungoni katika Mnara wa London, mwaka 1615.