Manyoya ya nini?

Koti la mtumba, au mivumba kama wasemavyo Mbarara, Uganda, hufika na kola ya manyoya, na hapo Kiswahili hutulazimisha kuuliza: manyoya ya nini? Neno hilo tunampa kuku, tunampa na sungura. Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro tangu 1958, ambako Wakongo wanapatana bei kwa Kiswahili, swali ni lile lile. Sioni upungufu hapo. Lugha inatudai tumtaje mnyama: manyoya ya mbweha, manyoya ya sungura. Kondoo ana neno lake, sufu, tulilolipokea kutoka Kiarabu.

Kabla ya kumtaja mnyama, yapulize manyoya yatengane, kisha tazama shinani. Yakiwa yameota kwenye ngozi, ni ya mnyama kweli. Ukiona kitambaa kilichofumwa, ni ya kiwandani, na muuzaji asiyaite ya mbweha.

Kifungo nacho kinastahili jina kamili. Nilishika kimoja chenye mistari ya kahawia iliyoingia kwenye weupe wa maziwa, na mwenzake kwenye koti lile lile hakufanana nacho: vifungo vya pembe. Pembe ndefu za ng'ombe wa Ankole hukatwa na kusuguliwa hadi zing'ae namna hiyo. Vya plastiki hutoka kalibu moja, vyote sawasawa.