Maji Twahara na Maji Salama: Kichocho cha Ini Katika Bonde la Mto Mara

Mto Mara unatoka milima ya Mau nchini Kenya, unapita hifadhi ya Serengeti, kisha unakuwa mpaka baina ya wilaya za Tarime na Serengeti kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Wapo wanaochota maji humo, na wapo wanaotawadhia humo humo wakiwa wamesimama majini. Je, maji yenye utando wa kijani yanafaa kwa udhu?

Jibu la madhehebu ya Imam Shafi (r.a.) liko wazi. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ameandika katika Minhaj kwamba maji yaliyobadilika kwa utando huo, uitwao tuhlub kwa Kiarabu, au kwa udongo, au kwa kukaa sana, hayatoki katika utwahara wake. Twahara, basi, haina mgogoro.

Lakini utando huo ndio chakula cha konokono wa maji baridi, na konokono ndiye mwenye kubeba kichocho. Mwaka 1851, Theodor Bilharz aliona minyoo yake katika maiti, hospitali ya Qasr al-Ayni, Cairo. Mwaka 1904, Symmers, huko huko Misri, alieleza ini lililojaa makovu meupe mithili ya mashina ya kiko. Mwaka 1915, Leiper akathibitisha kazi ya konokono. Watu wetu wakisikia kichocho hufikiri mkojo wa damu tu. Hiki cha tumbo ni kingine: mayai hunasa katika ini, bandama huvimba, na mwisho mgonjwa aweza kutapika damu.

Zamani tabibu alipapasa tumbo na kukisia. Ultrasaundi imeonyesha makovu hayo bila kisu, na mwaka 1996 wataalamu walikutana Niamey kuafikiana jinsi ya kuzisoma picha zake. Faida yake kubwa ni kwa watoto, kwani ini la mtoto likiwahiwa kwa dawa ya prazikwanteli laweza kurejea hali yake. Na jambo hili si la mbali. Huko Rorya, iliyokuwa sehemu ya Tarime hadi 2007, utafiti wa vijiji vya Busanga na Kibuyi uliochapishwa mwaka 2016 uliwakuta wanafunzi zaidi ya wanane katika kila kumi wana vimelea.

Mwaka 2018 watafiti walionyesha, kwa majaribio ya matangi na kwa mahesabu, kuwa mbolea ya shambani ikiingia majini huzidisha utando, na konokono wakazidi.

Je, fiqhi iliyanyamazia madhara? Hapana. Imam Shafi aliyachukia maji yaliyopashwa na jua kwa sababu ya tiba tu. Nawawi mwenyewe alikuja kuitilia shaka karaha hiyo kwa kukosa ushahidi, na hapo ndipo tunapoona uadilifu wa wanazuoni: kauli ya tabibu ilipokelewa, kisha ikadaiwa dalili. Kwa kichocho dalili ipo. Aidha Mtume (s.a.w.) amekataza haja kubwa penye vyanzo vya maji, na mayai ya kichocho cha tumbo hutoka kwa njia hiyo hiyo.

Vimelea vitokavyo kwa konokono haviishi zaidi ya siku mbili bila kumpata mtu. Maji yakichotwa bila konokono na kufunikwa kwa saa 48, hatari hiyo huondoka. Na maji yaliyokaa, kama tulivyotaja kutoka Minhaj, yanatwaharisha.