Ligi Daraja la Kwanza ya Uingereza, Msimu wa 1927–28

Msimu wa 1927–28 ulishirikisha timu 22, kila moja ikicheza mechi 42. Everton walitwaa ubingwa kwa pointi 53, mbili mbele ya Huddersfield Town. Sifa kubwa ya msimu ni ya mshambuliaji wa Everton, Dixie Dean, aliyefunga mabao 60 katika mechi 39, bao moja zaidi ya aliyoyafunga George Camsell wa Middlesbrough katika daraja la pili mwaka uliotangulia. Siku ya mwisho, 5 Mei 1928, Dean alihitaji mabao matatu dhidi ya Arsenal uwanjani Goodison Park ili kufikia mabao hayo 60. La tatu alilipachika kwa kichwa, kutokana na kona ya Alec Troup, zikiwa zimesalia dakika chache. Arsenal wakasawazisha, 3–3. Rekodi ya Dean ya mabao 60 katika msimu mmoja haijavunjwa. Tottenham Hotspur na Middlesbrough walishuka daraja.