Kiwanja Kati ya Ngitili na Maduara: Hoja Kuhusu Mafunzo ya Mwalimu wa Elimu ya Viungo

Rede ni mchezo usiohitaji bajeti. Wawili wanasimama pande mbili na mpira wa soksi. Wa tatu yuko katikati na chupa tupu, kazi yake kuijaza mchanga huku akiukwepa mpira anaorushiwa. Watoto wa Geita huucheza kama wanavyoucheza wenzao wa Tanga. Tofauti ni mchanga. Kwenye vitongoji vya wachimbaji wadogo kama Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu, mchanga laini ulio karibu na nyumba mara nyingi ni marudio: mabaki ya mawe yaliyosagwa kwenye makarasha na kuoshwa mialoni, ambayo hubaki na chembe za zebaki. Mtoto anauchota kwa viganja, anaumimina, anautimua vumbi, kisha anakwenda kula. Mwalimu wa michezo akipita hapo ataona wepesi wa miguu, pengine na mchezaji wa kuchukuliwa timu ya wilaya. Mchanga hatauona, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kuutazama.

Nashikilia katika makala haya kwamba mafunzo ya mwalimu wa elimu ya viungo katika ukanda wa Shinyanga na Geita yanapaswa kuanzia kwenye ardhi anayoikanyaga mwanafunzi na kwenye kazi ambayo mwili wake tayari unaifanya. Leo yanaanzia kwenye kanuni za michezo yenyewe: vipimo vya kiwanja, makosa, idadi ya wachezaji. Hayo yana nafasi yake, lakini yamekaa mahali pa msingi, na msingi umeachwa.

Mgawanyo wa majukumu una sehemu yake katika hili. Mwaka 1967 Tanzania ilipata sera ya Elimu ya Kujitegemea na, mwaka huohuo, sheria iliyounda Baraza la Michezo la Taifa. Shule ilipewa jembe, baraza likapewa mpira, na tangu hapo mwili wa mtoto umehudumiwa na ofisi mbili zisizosalimiana sana. Vyuo vya ualimu viko chini ya wizara ya elimu, ilhali Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kilichopo Kwimba, katikati kabisa ya Usukuma, kiko chini ya wizara yenye dhamana ya michezo. Anayetaka kuwa kocha anakwenda Malya. Anayetaka kuwa mwalimu anakwenda Butimba, Shinyanga au kwingineko, na huko elimu ya viungo ni somo moja kati ya mengi. Mitaala nayo imekuwa ikilihamisha somo hili kama mpangaji asiye na mkataba: mwaka 2005 shule za msingi zilikuwa na Haiba na Michezo, katika mageuzi yaliyoanza kutekelezwa Januari 2024 michezo imewekwa pamoja na sanaa. Kila mara jina linabadilika, na anayelifundisha anabaki yuleyule: mwalimu kijana wa kiume aliyewahi kucheza mpira chuoni, anayekabidhiwa filimbi siku ya kuripoti.

Filimbi hiyo inamwelekeza kwenye jambo moja, yaani mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Sina ugomvi na mashindano haya. Yanapunguza utoro, yanawapa watoto wa vijijini safari yao ya kwanza nje ya wilaya, na ukanda huu unajua utamu wa mpira: Geita Gold ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2021/22, na msimu huohuo mshambuliaji wake George Mpole akaibuka mfungaji bora kwa mabao 17. Lakini mashindano ni chujio. Mwalimu anayepimwa kwa kombe atatumia muda wake kwa watoto ishirini kati ya mia nane, na hao ishirini ndio wanaomhitaji kidogo kuliko wote.

Hapa hujitokeza pingamizi ninalolisikia hata kwa walimu wakuu wenye busara: watoto wa huku wanafanya mazoezi ya kutosha. Wanachota maji, wanachunga, wanalima pamba na mpunga, wanabeba mawe. Kuwaongezea kipindi cha viungo ni kumfundisha samaki kuogelea.

Pingamizi hili lina uzito, na ndiyo maana linafaa kujibiwa kwa kumtazama mtoto mwenyewe. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 ilieleza jinsi watoto katika machimbo madogo ya Geita, Kahama na Chunya walivyokuwa wakichimba, wakiponda mawe na kushika zebaki kwa mikono mitupu, ingawa Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kazi za hatari kwa walio chini ya miaka 18. Mtoto anayebeba kiroba cha mawe hukiweka bega lilelile kila siku. Mwambie asimame wima, mikono ikining'inia, na utaona bega moja limeshuka na kichwa kimeegemea upande wa pili ili kusawazisha. Mwambie achuchumae na visigino vikae chini. Anayeponda mawe akiwa amekaa kutwa nzima atakwambia nyonga zinauma. Kazi inautumia mwili bila kuulea. Inarudia mwendo mmoja mpaka kiungo kichoke, kisha inaendelea. Elimu ya viungo inapaswa kufanya kinyume chake: kuupa mwili miendo ambayo kazi imeunyima, kufundisha namna ya kuinua mzigo kwa miguu badala ya mgongo, namna ya kupumua, na lini kuacha. Mwanachuo asiyejifunza kuusoma mwili kwa jicho hili atampigisha mtoto huyo pushapu ishirini kama adhabu ya kuchelewa, na ataandika kwenye andalio lake kwamba somo limefanikiwa.

Nusu ya pili ya suala ni mazingira ya nje. Duniani elimu ya nje ya darasa imejengwa juu ya picha ya mlima na mkoba. Mwalimu Kurt Hahn alianzisha shule ya Outward Bound huko Aberdovey, Wales, mwaka 1941, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtindo huo ukafika Loitokitok, Kenya, ambako vijana walipandishwa Kilimanjaro ili wapate ujasiri. Shinyanga haina mlima wa kumpandisha mtu. Ina ngitili.

Na ngitili, kwa maoni yangu, ni shule bora kuliko kilele chochote. Misitu ya Usukuma ilifyekwa kwa amri ili kuangamiza mbung'o, kisha pamba na mifugo vikamalizia kilichobaki. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986, na badala ya kuleta miche kutoka mbali, hatimaye ulikubali kurudi kwenye desturi ya wenyeji ya kufungia malisho kwa ajili ya kiangazi, yaani ngitili. Kutoka takriban hekta 600 zilizojulikana mwaka ule, ngitili zilifika zaidi ya hekta 300,000, na mwaka 2002 mradi ukapata Tuzo ya Ikweta. Ngitili ina mwenyewe, ina mipaka, ina sheria za dagashida, yaani mkutano wa jadi wa Wasukuma, na macho ya sungusungu, walinzi wa jadi. Mwanachuo anayetaka kupeleka darasa humo lazima kwanza aombe kwa wazee, aeleze watoto watapita wapi na watarudi lini. Kisha aamue njia, akadirie maji ya kunywa kwa watoto arobaini saa nne za asubuhi mwezi Septemba, ajue mti upi una miiba na upi una kivuli cha kweli. Hiyo ndiyo elimu ya nje: kutathmini hatari, kupanga, kuongoza kundi, kuheshimu mahali.

Upande wa Geita na Kahama ramani ya hatari ni nyingine. Maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yaliyoachwa hujaa maji ya mvua na kugeuka mabwawa yasiyo na ukingo. Mtoto aliyejifunza kuogelea kwenye lambo la ng'ombe, lenye mteremko mpole, anaruka humo akidhani ni lilelile. Ni chuo gani cha ualimu kinachomfundisha mwalimu kumwokoa mtu majini kwa kamba na dumu tupu la lita ishirini? Hilo si somo la anasa huku. Ni la lazima kuliko kanuni ya kuotea.

Nitasema kidogo kuhusu ngoma, kwa kuwa ni rahisi kuzidisha sifa. Bugobogobo, ngoma ya majembe, ni mazoezi kamili ya mgongo, mikono na uratibu wa kundi, na mashindano ya vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu yalimfanya kila mtazamaji kuwa mwamuzi, kwa sababu aliyevuta umati ndiye aliyeshinda. Yanafaa kuingia chuoni kama mbinu. Yakiingia kama burudani ya kumkaribisha mgeni rasmi, ni afadhali yabaki vijijini.

Watasema mwalimu hupangiwa kituo popote. Aliyefunzwa kwa ngitili akipelekwa Mtwara atafanya nini? Atafanya alichojifunza: atauliza watoto wanafanya kazi gani, ardhi ina hatari gani, nani mwenye eneo. Aliyefunzwa vipimo vya kiwanja cha netiboli peke yake ndiye anayekwama, maana shule aliyopangiwa haina kiwanja.

Fedha zipo, ila zinapenda zege. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 yanazitaka kampuni kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri husika. Matunda yake yanaonekana zaidi kwenye majengo, pengine kwa kuwa jengo hupigwa picha na kuzinduliwa, na mwalimu aliyeiva hazinduliwi. Ombi linalofaa kufika kwenye vikao vya kukubaliana mipango hiyo ni dogo kuliko uwanja. Wanachuo wa elimu ya viungo wafanye sehemu ya mazoezi yao ya kufundisha katika shule za vijiji vya machimbo na sehemu nyingine katika shule zinazopakana na ngitili. Mkufunzi anayekuja kuwakagua asiishie kuangalia andalio la somo na zana; kabla kipindi hakijaanza, azunguke eneo pamoja na mwanachuo na kumtaka aonyeshe kila kitu kinachoweza kumdhuru mtoto, kisha ampe alama kwa hicho pia. Gharama yake ni nauli za basi, posho za wakufunzi wachache, na kamba kadhaa.