Upungufu wa homoni ya parathiroidi baada ya kuondolewa tezi thiroidi

Upungufu wa homoni ya parathiroidi baada ya upasuaji ni hali inayoweza kumpata mtu aliyeondolewa tezi thiroidi, iliyopo mbele ya koo. Nyuma ya tezi hiyo kwa kawaida hukaa tezi nne za parathiroidi, kila moja kama punje ya mchele. Homoni yake hudumisha kiwango cha kalsiamu katika damu. Zikijeruhiwa, zikikosa damu au zikitolewa kwa bahati mbaya, kalsiamu hushuka.

Rovu na chumvi

Upasuaji huu hufanywa kwa sababu ya rovu (goita), ugonjwa wa Graves au saratani. Chanzo kikuu cha rovu ni upungufu wa iodini, si upungufu wa chumvi: katika karne ya 19 chumvi ya chemchemi za Uvinza ilikuwa bidhaa maarufu kwenye njia ya misafara ya Ujiji na Tabora. Lakini chumvi, hata ya baharini, haina iodini ya kutosha isipoongezwa. Tanzania iliagiza hivyo miaka ya 1990.

Mambo yanayoongeza hatari

Kubwa zaidi ni kuondoa thiroidi yote badala ya sehemu yake. Rovu lililoachwa miaka mingi huzisogeza parathiroidi mahali pake, na makovu ya upasuaji wa awali huzificha; hata bila hayo hufanana na mafuta. Hatari huongezeka pia katika ugonjwa wa Graves, saratani inayolazimu kutoa matezi ya shingo, upungufu wa vitamini D, na daktari asiyefanya upasuaji huu mara kwa mara. Tezi iliyotolewa kimakosa, ikitambuliwa papo hapo, inaweza kupandikizwa katika msuli.

Dalili na tiba

Dalili huanza mara nyingi katika siku 1 hadi 4: ganzi midomoni na vidoleni, kisha mikono kukakamaa. Ikizidi huleta degedege na koo kubana. Mgonjwa aliyepasuliwa Bugando, Mwanza, huenda wakati huo ameshafika kwao Urambo, na jamaa wakadhani ni mapepo. Inafaa apimwe kalsiamu kabla ya kuruhusiwa, na dalili zikitokea apelekwe hospitali mara moja.

Tiba ni vidonge vya kalsiamu na vitamini D; hali kali huhitaji kalsiamu ya mshipani. Dagaa wa Kigoma wana kalsiamu nyingi, lakini hawachukui nafasi ya dawa. Kalsiamu na levothairoksini zipishane kwa saa 4 hivi. Wengi hupona katika wiki au miezi michache. Hali ikipita miezi 6 hadi 12 huhesabiwa kuwa ya kudumu.